Mamajusi wa Karatasi ya Saruji

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikishika mkasi inanirudia. Ilikuwa siku moja kabla ya Noeli, saa za mchana, ndani ya kanisa dogo la kigango chetu kule Bukene. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na minane, mwanafunzi wa sekondari hapa Tabora, suruali imepigwa pasi mpaka mkunjo unakata. Siku hiyo nilichekesha watu mpaka wakashika mbavu. Sijawahi tena kuchekesha watu kiasi kile, na namshukuru Mungu kwamba sijawahi.

Nitakusimulia yote, lakini kwanza nikuambie kwa nini leo na si mwaka jana. Jumamosi iliyopita mlikuwa hapa barazani kwangu, wewe Cheyo, wajukuu zangu na vijana wenzako wa mtaa, mnachora na kukunja karatasi kama kawaida yenu. Nilikuwa nimewatolea kalenda za zamani na mabaki ya madaftari, nikakaa pembeni na kazi yangu. Mara mmoja wenu akaupiga picha mchoro wa mwenzake, akairusha kwenye kundi lenu la simu, simu zikaanza kulia moja baada ya nyingine na nyinyi mkaangua kicheko. Nilipouliza kuna nini, mkanijibu, "Babu, ni utani tu, tunazinguana." Yule binti mwenye mchoro naye alicheka. Lakini mimi nilikuwa namtazama mikono. Alikuwa anaikunja ile karatasi yake, anaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama kidonge. Jumamosi hii hakuja.

Ndiyo maana nimekuita. Kaa vizuri, weka hiyo simu chini. Ninachotaka kukuambia sikisemi kwa raha, na usinikatize katikati nikapata kisingizio cha kunyamaza.

Kaka yangu mkubwa alikuwa kibarua wa reli pale Bukene. Akaoa binti wa Puge, jina lake Veronika, na alipojifungua mapacha tukamwita Mama Kulwa. Kwetu mke wa kaka ni shemeji, na shemeji ni mtani. Yeye aliniita "mume mdogo", akinidai kanga ya Noeli kama mke anavyomdai mumewe. Mimi nilimwambia mchicha wake una chumvi ya kukaushia ng'ombe mzima. Tuliishi hivyo na hakuna aliyenuna, maana sheria ya utani unaijua: ukikasirika umeshindwa, na watu watakucheka mara mbili. Shika hapo, mwanangu. Kosa langu lilijificha ndani ya sheria hiyo.

Mama Kulwa alisoma mpaka darasa la nne. Alilima karanga na mpunga, alichota maji, alikausha matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha, ya kutulisha wakati wa kiangazi, alifanya yote ambayo wanawake wa pale walifanya. Ila alikuwa na jambo moja ambalo sikuliona kwa mwingine. Jua likiwa kali na mapacha wamelala, alitandika mkeka nyuma ya nyumba akachora na kukata karatasi. Karatasi yenyewe ilikuwa ya mifuko ya saruji. Wakati ule walikuwa wakijenga nyumba za wafanyakazi karibu na stesheni, na kaka alimletea mifuko mitupu. Aliichana, akalitupa tabaka la nje lenye vumbi, akabaki na yale ya ndani, safi, ya rangi ya mchanga. Alichora kwa mkaa, akakata kwa mkasi wa nguo wa mama yangu, akabandika kwa gundi ya unga wa muhogo. Bluu aliipata kwenye ile ya kufulia, manjano kwenye bizari, nyekundu kwenye udongo wa kichuguu.

Alikata ng'ombe, kanga wa porini, wanawake wanaotwanga, treni yenye mabehewa na vichwa vya watu dirishani. Ukuta wa sebule yake ulijaa. Hakuuza hata kimoja, wala hakutaka kuuza, wala hakusema yeye ni fundi. Siku moja nilimuuliza kazi hiyo inamsaidia nini. Akanijibu bila kuinua macho, "Nacheza, shemeji. Kwani mtu mzima hachezi?"

Na mimi nilikuwa mchoraji. Ebo, usinitazame hivyo, nilikuwa mchoraji kweli! Shuleni mwalimu wa sanaa alinisimamisha mbele ya darasa akasema nina mkono. Nilijua kivuli kinaangukia upande gani, nilijua vitu vya mbali vinapungua vipi, nilijua kupima kwa penseli huku jicho moja limefumbwa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami langu nilikuwa nimelijaza kisima kizima. Likizo ile nilirudi nyumbani na mchoro wangu bora kuliko yote: chungu, chupa na chungwa, kwenye karatasi nyeupe nzito. Nilimkabidhi mama mbele ya watu. Mama akasema, "Ahsante, baba, chungwa limefanana," akauweka juu ya kabati.

Kesho yake wageni wakaja. Kila aliyeingia alikwenda moja kwa moja ukutani kwa Mama Kulwa. Walimcheka yule kanga aliyenyoosha shingo, wakatafuta nani ni nani katika dirisha la treni, mzee mmoja akaapa kwamba yule mwenye kofia ni yeye. Chungwa langu hakuna aliyeliuliza. Liliniuma, mwanangu. Sitakupamba maneno: nilimwonea wivu mwanamke aliyekuwa ananipikia.

Basi mwaka huo sanamu za kigango zilikuwa zimevunjika, zile za udongo za pango la Noeli. Katekista akamwomba Mama Kulwa atengeneze za karatasi. Alifanya kazi hiyo majuma matatu, mchana kwa mchana, na hakutuonyesha. Siku ile ninayokuambia tulikwenda wote kupamba kanisa, wanakwaya, akina mama, watoto, na yeye akaja na furushi lake amelibeba mikononi kama mtu aliyebeba mayai. Akalifungua. Akasimamisha Mtoto kwenye hori, Maria amevaa kanga, Yosefu ana shoka la kuchania magogo, kondoo wana mikia minene ya kondoo wetu. Mwisho akawatoa Mamajusi.

Mamajusi wake watatu walikuwa wanatembea kwa miguu. Walikuwa wapagazi. Wa kwanza ana pembe ya ndovu begani, wa pili ana robota la nguo kichwani, wa tatu amebeba kibuyu cha asali na fimbo ndefu. Miguu yao ilikuwa na vumbi, ameipaka udongo ule mwekundu mpaka magotini. Baba wa babu yake alikuwa mpagazi, alitoka Unyanyembe kwa miguu mpaka pwani, Bagamoyo, akarudi hai, na ukoo wao wote ulilelewa kwa hadithi hizo. Mama Kulwa aliposikia kanisani kuwa watu wametoka mbali sana wakibeba vitu vya thamani, aliwaona hao. Angewaona nani mwingine?

Watu wakasogea kutazama. Mama mmoja mzee akapiga vigelegele. Nikahisi kitu kinapanda kifuani, na kabla sijakizuia, mdomo ulikwisha kufunguka.

"Shemeji," nikasema kwa sauti ya kufika mlangoni, "hawa Mamajusi wako wanakwenda Bethlehemu au wanakwenda Bagamoyo?"

Kanisa zima likacheka. Mama Kulwa naye akacheka, akanijibu papo hapo, "Wanakwenda popote watakapopewa maji ya kunywa, mume mdogo!"

Watu wakacheka zaidi. Ningeishia hapo ningekuwa mtani, na leo nisingekuwa na hadithi ya kukusimulia. Jibu lake lilikuwa zuri kuliko swali langu, na hilo ndilo lililonikera. Nikaona amenishinda mara ya pili, mara ya kwanza ukutani, mara ya pili mdomoni. Basi nikampeleka mahali ambapo nilijua hana cha kunijibu. Nikakunja mikono nyuma, nikaiga sauti ya mwalimu, nikaanza kulikagua pango. Ngamia wako wapi? Kwa nini Mtoto ni mkubwa kuliko kondoo? Mwanga unatoka wapi, mbona hakuna kivuli? Huyu amegeukia pembeni, jicho limefuata nini mbele? Kila swali watu wakacheka, maana nilijua kuiga, na yeye akawa anatabasamu tu, mikono imeshika ncha za kanga.

Kisha nikatoa hukumu. "Sifuri," nikasema. "Arudie darasa la nne."

Walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Hapo nikafanya jambo la mwisho, ambalo hata leo nikilitamka ulimi unakuwa mzito. Nilichomoa penseli yangu mfukoni, nikamchukua Maria wake, nikamfuta pua kwa kidole, nikamchorea pua nyingine. "Hivi ndivyo inavyochorwa," nikasema, nikamrudishia. Akampokea kwa mikono miwili. Akasema, "Ahsante, shemeji."

Alicheka mpaka mwisho, mwanangu. Angefanya nini? Angekasirika, wangesema hajui utani. Angelia, wangesema shemeji yake msomi amemtania kidogo tu yeye anajiliza kanisani. Katekista naye, mtu wa Mungu, akaanza kuona haya. Akasema polepole, "Hawa watatu tuwaweke kando tu, Mama Kulwa. Kesho padri akija asidhani tunafanya mchezo." Mama Kulwa aliwatoa mwenyewe, akawalaza ndani ya kanga, akafunga.

Siku ya Noeli, baada ya misa, tulikula kwa kaka. Nikaingia sebuleni na utani mwingine umenikaa mdomoni, nikaukuta ukuta mtupu. Alama za gundi tu zimebaki, mraba hapa, mviringo pale. Nikatoka nyuma. Mama Kulwa alikuwa amechuchumaa kwenye mafiga, anachochea moto kwa karatasi za rangi ya mchanga. Nilimwona yule kanga anaingia, shingo kwanza. Nikauliza, "Shemeji, mbona unavichoma?" Akaniambia kwa uchangamfu wake ule ule, "Karatasi ya saruji inashika moto upesi kuliko majani. Nilikuwa naipoteza bure siku zote." Kisha akanipa kiti na sahani ya wali.

Nilikula. Ndiyo, nilikula, na nikaomba nyongeza.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa akiishi pale. Bibi na mjukuu nao ni watani, unajua. Tangu nizaliwe aliniita mume wake, na mke wangu wa baadaye alimwita mke mwenza kabla hajazaliwa. Jioni ile aliniita kwa jina langu la ubatizo. "Leonardi," akasema, "njoo hapa." Nikajua leo hakuna mchezo.

Aliniambia, "Mtani ni mtu anayeweza kukujibu. Ulipomuuliza habari ya Bagamoyo alikujibu, na mimi nilicheka pamoja nanyi. Ulipomuuliza habari ya vivuli, ulikuwa unamuuliza kwa lugha ya shule ambayo yeye hakupewa. Huo si utani. Huko ni kumfunga mtu mikono halafu kumwalika kwenye mweleka. Tena ulimfanyia hivyo kwa kitu alichokuwa anakipenda bure, hakimpi unga wala chumvi. Nenda ukamwombe radhi sasa hivi, moto haujazimika. Ukingoja, jambo hili litaganda."

Nikamjibu, na jibu hili nalitaja kwa aibu, "Bibi, ulikuwa utani tu. Nikimwomba radhi ndiyo nitakuwa nimelikuza." Bibi akaniambia niondoke mbele yake.

Usiku ule niliona aibu, lakini aibu ya kijana ni kama njaa ya saa nne, inapita. Kesho nikasema nitamwomba radhi kesho kutwa. Kesho kutwa nikasema Pasaka. Nikapanda treni nikarudi shule. Pasaka nikasema likizo kubwa, na likizo kubwa ilipofika nikaona limeshasahaulika, mbona tunataniana vizuri tu, mbona ananidai kanga yake kama zamani? Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi nilingoja miaka. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika pale nyumbani. Mchana, mapacha wakilala, Mama Kulwa alilala pia.

Na mimi, yule bingwa wa vivuli? Nilimaliza shule, nikapata ukarani mjini hapa, nikaoa, nikazaa, na sikuchora tena. Nilijidanganya kwamba ni shughuli. Ukweli ni kwamba kila nikishika penseli nilisikia mtu ananikagua, mikono nyuma, na mtu huyo alikuwa mimi. Sikuweza kuvuta mstari bila kujipa alama.

Nilipostaafu, mjukuu wangu mmoja alisahau rangi zake za shule hapa barazani. Nikachora kuku. Akatoka kuku mbaya, miguu mitatu, maana mguu wa kwanza niliukosea nikauacha. Nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kama nina homa. Kesho yake nikachora tena. Nikaanza kukata kalenda, kukunja vijisanduku, kutengeneza maua ya karatasi ya kumwekea mke wangu kwenye glasi. Sina ustadi, wewe mwenyewe umeona, lakini saa kumi ya alasiri ikifika mwili unanidai ile raha kama unavyodai chai. Na hapo ndipo nilipoelewa, mwanangu, nikiwa na mvi kichwa kizima, ni nini hasa nilichomnyang'anya yule mwanamke. Nilikuwa nimechukua saa yake moja ya kila siku, ambayo haikuwa ya mume wala ya watoto wala ya shamba.

Nikafunga safari. Nilinunua penseli za rangi, mkasi mpya, karatasi za kila aina, nikaenda Bukene. Kaka alikwisha kufariki. Mama Kulwa alikuwa ameketi mlangoni anapepeta mchele. Nikamwamkia, nikakaa, nikaweka ule mzigo miguuni pake, nikasema nimekuja kuomba radhi kwa ajili ya siku ile ya kanisani.

Akasimamisha ungo. Kwa muda kidogo sura yake ikawa ya mtu ninayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha akacheka.

"Shemeji nawe! Tangu lini utani ukaombewa radhi?" akasema. "Ingia ndani ule, umetoka mbali."

Mimi ndiye niliyeliita utani, yeye alikuwa anaheshimu tu neno langu. Laiti angenitukana, nami ningejua nishike wapi. Nilipoondoka jioni, wajukuu zake walikuwa wamegawana penseli zote, na yeye hakubakiza hata moja.

Alifariki mwaka juzi. Tulimzika kule kule. Kwetu, akifariki mtu mzima aliyekula chumvi nyingi, mashemeji na wajukuu wana kazi yao msibani: kumwiga marehemu, kumsema, kuwachekesha waliolia mchana kutwa. Wajukuu walifanya yao. Mmoja alijifunga kanga akaiga alivyokuwa akifukuza mbuzi, watu wakacheka huku machozi yanatoka. Kisha wakaanza kuniita mimi. "Shemeji! Shemeji wa Tabora asimame! Huyo ndiye mtani wake!" Wazee walionikumbuka wakaanza kucheka kabla sijafungua mdomo.

Nikasimama. Nikawaambia sina utani. Nikawaambia kwamba marehemu alikuwa anachora na kukata karatasi kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona katika maisha yangu, na kwamba nilimsimanga mbele ya kanisa kwa wivu nikauita utani, na akaacha, na nikakaa kimya miaka yote mpaka nikachelewa. Nikamwomba radhi pale, mbele ya watu, kaburi likiwa bado na udongo mbichi. Sikulia kwa ustaarabu, mwanangu. Nililia makamasi yananitoka.

Wazee wenzangu wawili watatu waliinamisha vichwa, kwa kuwa walikuwepo siku ile na wao walicheka. Kisha Shija, binti yake aliyezaliwa baada ya mapacha, mama mtu mzima mwenye watoto wake, akaniuliza kutoka alipokaa.

"Baba mdogo, mama alikuwa anachora?"

Nikamwambia ndiyo, tena ukuta mzima.

Akawatazama kaka zake, Kulwa na Doto. Nao wakatikisa kichwa. Walikuwa wachanga, hawakukumbuka chochote. Shija akasema taratibu, kama anayejisemea, "Mimi nilikuwa napenda kuchora nikiwa mtoto. Nilichora kila mahali, mpaka kwenye mlango. Siku moja mama alininyang'anya mkaa, akanikalisha chini, akaniambia, 'Wacha hayo, mwanangu. Watu watakucheka.' Sikujua alikoyatoa."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimedhani kwa miaka yote kwamba nilizima moto mmoja tu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ninapokuomba. Wazee wetu walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, na mimi ni shahidi. Sikukatazi utani. Utani ni mali yetu, na mtu wa Tabora asiye na utani ni mgonjwa. Lakini mtanie mtu kwa kitu anachoweza kukujibu, na ukiona anatabasamu tu bila kujibu, nyamaza hapo hapo, hata kama watu wote wanakuomba uendelee. Kicheko cha mtu hakikuambii kwamba hajaumia. Mtazame mikono.

Na kile ambacho mtu anakifanya kwa raha yake, awe anachora, anakunja karatasi, anaimba bafuni, usikipime. Hajakipeleka sokoni. Akikuonyesha, amekukaribisha ndani ya nyumba yake, na mgeni hakagui kuta. Tazama kwanza kuna nini, kabla ya kutazama kuna kosa gani. Nimejaribu mara nyingi kuwakata upya wale Mamajusi wake. Pembe naikumbuka, robota nalikumbuka, kibuyu nakikumbuka. Nyuso zao siwezi kuzikata, kwa sababu siku ile sikuzitazama.

Wewe pia chora. Chora vibaya kama mimi, chora kuku mwenye miguu mitatu, usimngoje mtu akupe ruhusa wala alama. Na ukimkosea mtu, usingoje Pasaka. Yule binti mwenye mchoro anakaa mtaa wa pili tu, ukitoka sasa utamkuta bado hajala chakula cha mchana. Mwombe radhi, na usimwambie ulikuwa utani, maana ukimwambia hivyo utamziba mdomo kama nilivyomziba shemeji yangu. Mwambie ulimwumiza. Akikufukuza, vumilia, kisha urudi kesho.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe moyo wa kuona haya mapema, wakati haya bado inasaidia. Akutunzie ulimi wako, aibariki mikono yako na mikono ya kila utakayekaa naye mkeka mmoja. Akuzeeshe vizuri kuliko nilivyozeeka mimi, na siku yako ikifika, wanao wajue ulikuwa unapenda nini. Amina. Haya, simama, viatu vyako viko mlangoni.